Mzee wa Lanjo: Maisha ya Didas Nikodemu Ligoha, 1952–2025

Baba Paroko, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, tunaomba utulivu kidogo tumsindikize Baba yetu kwa kuyasema maisha yake, tangu alipozaliwa hadi Mungu alipomwita.

Marehemu Didas Nikodemu Ligoha alizaliwa tarehe 14 Mei 1952 katika kijiji cha Mngeta, Bonde la Kilombero, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nikodemu Ligoha na Mama Monica, na alisoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, alipomaliza darasa la saba na kurudi kwenye mpunga wa wazazi wake.

Mwezi Agosti 1971, ujenzi wa reli ya kwenda Zambia ulipokuwa umefika bondeni, marehemu aliajiriwa jikoni katika kambi ya mafundi wa Kichina, kazi yake ikiwa maji na kuni, na huko akakutana na mpishi aliyeitwa Bwana Ma, jina lililowasumbua sana watu wa Mngeta, kwani kila lilipotajwa walikaa kimya wakisubiri limalizike, na wengine waliuliza, "Ma nani?" Bwana Ma alikuwa Mwislamu, jambo ambalo kijana Didas hakulitegemea kwa Mchina, alipika sufuria yake ya ng'ombe pembeni, na kila alipochinja alinong'ona Bismillahi.

Huyo ndiye aliyemfundisha kukanda unga wa ngano, kuuvuta kwa mikono miwili, kuukunja na kuuvuta tena, mpaka donge moja likawa tambi nyembamba kama nyuzi za kushonea, na wakati donge likipumzika alimchorea kwa kidole, juu ya unga uliomwagika mezani, mji wake wa Lanzhou. Alimwonyesha kwamba ni mji mrefu na mwembamba, milima imeubana huku na huku na Mto Manjano umepita katikati, hauna pa kunenepea, na kwamba zamani misafara iliyopeleka hariri magharibi, ngamia kwa ngamia, ilivukia hapo, hivyo mji ule ulizaliwa na kivuko. Hilo Didas alilielewa mara moja, maana alikuwa mtoto wa Kilombero, alijua kwamba watu wakingoja kuvuka lazima mtu atauza chakula. Aliambiwa pia kwamba kabla ya kujengwa daraja la chuma, mwaka 1909, watu walivuka juu ya mashua zilizofungwa pamoja kwa minyororo, na baridi ilipozidi mashua ziliondolewa, kwa sababu mto wenyewe uliganda ukawa barafu na mikokoteni ikapita juu yake. Hilo la mwisho hakulielewa, ila aliliamini, kwa kuwa aliyelisema hakuwahi kumdanganya hata kuhusu chumvi.

Bwana Ma alirudi kwao mwaka 1975, hawakuonana tena. Marehemu alikuja Dar es Salaam mwaka 1976, akapika katika kantini za reli hadi mwaka 1995, na tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa takatifu na Mama yetu Editha Isack Mgaya, huko Chang'ombe, Temeke, wakajaliwa watoto watatu, Noela aliyezaliwa mwaka 1981, Jonas mwaka 1984, na Anjelina mwaka 1990.

Mwaka 1995 alifungua banda la supu hapa Gongo la Mboto, akaliita Lanzhou, nanyi mkaliita Lanjo, likabaki Lanjo. Mwanzo ulikuwa mgumu, kwani watu wa pwani wanajua tambi ni za sukari na iliki, na wateja wa kwanza waliagiza sukari wakaitia kwenye mchuzi wa ng'ombe, na jirani yetu Badru, fundi baiskeli, mtu wa Lindi, alimuuliza mbele ya watu, "Baba Noela, hizi tambi zimegombana na sukari?" Marehemu akamjibu, "Kaa ule, usiporidhika nakurudishia njaa yako." Badru alirudi kesho yake na keshokutwa, na hapo ndipo marehemu alipoanza kuwasimulia wateja habari za ngamia, milima na mto unaovukwa kwa miguu, na Badru akaziita fiksi, akisema, "Mto usimame? Wewe umeuona?" Marehemu alicheka pamoja nao, lakini nyumbani alikiri kwamba swali lile lilimkaa, kwa sababu alikuwa anasimulia mji ambao hajawahi kufika.

Mwaka 2015 alianza kumwaga mchuzi nje ya bakuli, akapelekwa kliniki ya macho, na daktari akamwambia kwamba ana presha ya macho, kwamba uoni wake unaliwa kuanzia pembeni, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Marehemu akasema anataka kuuona Lanzhou kabla ya giza. Mama alikataa, akamwambia, "Baba Noela, macho yaliyobaki si ungetuangalia sie?" Marehemu akasema, "Nyie nawajua hata gizani." Mama alilia, halafu akaenda kumnunulia sweta.

Mwezi Oktoba 2016, Noela, aliyekuwa akifuata nguo Guangzhou, alimchukua, wakapanda ndege, kisha treni iliyowalaza njiani, wakafika Lanzhou wakakuta vumbi limefunika kila kitu, maghorofa tu na honi, na marehemu alikaa kitandani bila kuvua viatu, akauliza kama kweli ndipo hapo. Kesho yake upepo ulisafisha anga, Noela akamsimamisha kwenye daraja la chuma, na kwa kuwa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, alimshika mabega akamgeuza polepole, akauona mto, wenye rangi ya chai ya maziwa, akauona mlima na mnara mweupe juu yake, akageuzwa akauona mlima wa pili, na mji katikati, mrefu, umebanwa. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa akiota jua hapo, alipoulizwa kwa Kichina cha sokoni cha Noela, alisema ni kweli, utotoni mwake waliuvuka ule mto kwa miguu, siku hizi haugandi. Marehemu aliomba arudie. Walimtafuta pia Bwana Ma, bila kumpata, kwani kumtafuta Ma katika Lanzhou ni kama kumtafuta Juma katika Temeke. Asubuhi walikula tambi za supu, kama sisi tunavyokunywa supu asubuhi, akamaliza bakuli mbili, akasema wenzetu mchuzi wao ni mwepesi, wetu una ndimu, na yote ni halali.

Mwaka 2019 macho yalizima kabisa. Aliendelea kuvuta tambi kwa mikono hadi mwaka 2023, na Badru, ambaye hakuziita tena habari zile fiksi, alikuwa akifunga karakana yake mapema aje asimuliwe lile daraja. Lililomuuma ni mjukuu wake wa saba, Benedicta, aliyezaliwa mwaka 2020, ambaye hakuwahi kumwona, akamjua kwa kumpapasa paji la uso na masikio.

Tarehe 3 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali Temeke, na tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, akafariki dunia, mkono wake ukiwa kwenye shavu la Mama.

Tunawashukuru madaktari wa macho waliomwambia ukweli mapema, wakati bado kuna cha kufanya, wauguzi wa wodini, jumuiya yetu, wenzake wa zamani wa reli, na Bwana Badru na majirani wa Gongo la Mboto, ambao tangu juzi hawajatuacha peke yetu. Mama, tunakushukuru wewe zaidi, kwa kumruhusu aende.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Pumzika, Baba, kwa amani ya mtu aliyefika.