Jani la Isale Lililokwenda Marangu: Maisha ya Marehemu Elinipendo Eliudi

Baba Paroko, Mchungaji uliyefuatana na wakwe zetu wa Marangu, viongozi wa mtaa kutoka Pasua, ndugu, majirani, na nyote mliopanda barabara hii mbovu ya Kibosho kuja kumsindikiza shemeji yangu, mimi ni Gabriel, mdogo wake Augustino, mume wa marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha yake, na nimeagizwa nisome yote, hata panapouma, kwa maana yeye mwenyewe alikataza asipambwe, alisema mbwa mkali akifa watu husema alikuwa mkali, lakini mtu akifa wote hugeuka mashahidi wa uongo.

Marehemu Elinipendo Eliudi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983 huko Mamba, Marangu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Mzee Eliudi, mkulima wa kahawa na ndizi, na Mama Aikaeli, ambaye tunaye hapa mbele, shikamoo mama, akabatizwa katika usharika wa Kilutheri wa nyumbani kwao Krismasi ya mwaka uleule. Aliyemfuata ni Sifael, kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye aliyerithi nyumba na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba, na ndiye huyu ambaye Elinipendo alimlea mgongoni, akamfundisha kutembea, akamtetea shuleni, kwa hiyo hayo nitakayoyasoma baadaye yapimeni mkijua yalianzia kwenye mapenzi.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, sekondari kuanzia 1998 hadi 2001, akakaa nyumbani akisaidia shambani, kisha mwaka 2003 akajiunga na chuo cha mifugo Tengeru, Arusha, akahitimu stashahada ya afya ya wanyama mwaka 2006. Mzee Eliudi alimsomesha ili ng'ombe wa maziwa wa ukoo wapate mtu wao, hakujua kwamba analipia karo ya binti atakayekuja kukata kucha za paka wa mjini, na alipojua alinuna msimu mzima wa kahawa, kisha akamletea kuku mgonjwa amtazame, ndiyo ikawa suluhu.

Alianza kazi mwaka 2006 katika chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Marangu, mwaka 2009 akahamia kwenye kliniki ya wanyama ya Daktari Melkior hapa Moshi mjini, na mwaka 2015, kwa baraka za daktari huyo na chini ya usimamizi wake, akaanza kazi ya kujitegemea ya kuwauguza wanyama majumbani kwao, akipita na pikipiki na sanduku lake kuanzia Pasua hadi huku mlimani, akibadilisha bandeji za mbwa waliopasuliwa, akinywesha dawa paka waliojificha nyuma ya friji, akichoma sindano alizoandikiwa na daktari, na mbwa mzee wa watu alipofika mwisho, akikaa na wenye nyumba mpaka walie wamalize. Kuna waliomcheka wakiuliza tangu lini mbwa akawa na nesi, naye aliwajibu kwamba tangu mbwa alipoanza kuugua, na katika kazi hiyo alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa, kwamba mkono wa mtu hauingii mdomoni mwa mbwa aliyebadilika tabia, hata kama mbwa huyo umemlea mwenyewe.

Alifunga ndoa takatifu na ndugu yangu Augustino tarehe 20 Novemba 2010, katika parokia yetu hapa Kibosho, Mlutheri kwa Mkatoliki, na wazee wa pande zote mbili walikaa vikao vingi kuliko vya mahari, wakajaliwa watoto wawili, Hellen aliyezaliwa mwaka 2011 na Godbless aliyezaliwa mwaka 2014, na makazi yao yalikuwa Pasua.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilibishana kama pasomwe. Tarehe 9 Juni 2022, siku ya Alhamisi, Sifael, ambaye ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni mlimani, alimpigia simu dada yake kwamba mbwa wake Polisi amekwamwa na mfupa kooni, anadondosha mate, hamezi, taya limelegea, na kwamba yeye mwenyewe ameshaingiza mkono kuutafuta huo mfupa asiuone, akakwaruzwa kidogo tu na jino. Elinipendo alipandisha Marangu akiwa na Daktari Melkior, na walipofika, daktari anasema, alimtazama mbwa kwa mbali akiwa amesimama nyuma ya uzio, kisha akamshika mdogo wake, akamburuta hadi bombani na kuusugua mkono ule kwa sabuni na maji yanayotiririka, Sifael akifoka kwamba anadhalilishwa mbele ya mke wake. Polisi alichomwa sindano ya mwisho na daktari alasiri ile, kichwa kikatumwa kupimwa kichaa cha mbwa, na kwa kuwa Sifael alikuwa apande mlima kesho yake na alikataa katakata kuiacha safari kwa ajili ya chanjo, dada yake alimpigia simu mkuu wa msafara na kumweleza kila kitu, Sifael akaachwa getini, na msimu ule wote hakuitwa tena.

Chanjo alichomwa, kwa sababu Mama Aikaeli alikaa mlangoni akagoma kula mpaka aende, lakini majibu ya kipimo hayakupatikana, sampuli iliharibika njiani, kwa hiyo hakuna ajuaye mpaka leo kama ulikuwa ugonjwa au ulikuwa mfupa. Sifael alitamka mbele ya ukoo kwamba dada yake anawabembeleza mbwa wa matajiri na kumuua wa nyumbani kwa kubahatisha, akamwambia asikanyage tena kihamba kile, na Elinipendo alilia sana, nakiri nilimwona, lakini alisema heri ndugu mwenye kinyongo anayepumua kuliko mwenye upendo aliye kaburini.

Kwa wageni wasiojua, Mchaga akikuletea jani la isale anakuomba msamaha na amani, na ni mwiko kulikataa. Elinipendo alilipeleka kwa mkono wa mama mwezi Desemba 2022, akiomba radhi kwa ile simu, siyo kwa sindano, na Sifael hakulikataa ila hakulijibu, alilichomeka darini.

Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa katika hospitali ya rufaa hapa Moshi, akaendelea kutembelea wagonjwa wake wenye mikia mpaka pikipiki ilipomshinda. Mwezi Novemba Daktari Melkior alimletea habari kitandani, kwamba alipokwenda Marangu kwenye chanjo ya mbwa, alimkuta Sifael kwenye foleni amepakata kitoto cha mbwa, na kwamba kinaitwa Polisi, shemeji akageukia ukutani, akacheka huku machozi yakimtoka, akasema basi inatosha. Alifariki dunia tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 41.

Jana tulipoandika karatasi hii sentensi iliyofuata ilisema kwamba watu wa kwao wote wamefika isipokuwa Sifael, na wazee walikuwa wakiulizana tutamfukiaje mwanamke ambaye ndugu yake hajaleta udongo wa kwao. Asubuhi hii nimeikata sentensi hiyo kwa kalamu. Sifael yuko pale, kando ya mama, ana udongo wa kihamba kwenye mfuko, na mkononi ana jani lilelile, limekauka mpaka limekuwa rangi ya kahawa, ameomba ashuke nalo kaburini ili alijibu mwenyewe, na wazee wamemruhusu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Daktari Melkior, majirani wa Pasua waliopika na kukesha nasi, na wateja wake, wakiwemo waliotuuliza kama wanaruhusiwa kuja na mbwa, tukawaambia waje nao, wawafunge tu.

Shemeji, mkono ule uliousugua bombani ndio utakaokutangulizia udongo leo. Pumzika kwa amani.