Kidole Gumba cha Mzee Hakikisha

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliotoka ofisini, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitasoma polepole kwa sababu wapo hapa ambao ningependa wasikie kila neno.

Kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Hakikisha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969, hakuendelea kwa sababu baba alikuwa anaugua na shamba lilihitaji mtu. Jina hilo alilipata kwenye mizani ya mahindi, kwani hakuuza gunia hata moja mpaka apande yeye kwanza, aone kama mizani inazijua kilo zake, na wanunuzi walimkasirikia lakini hawakumpunja.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na shemeji yangu, huyu hapa, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu wanne.

Mwaka 2019 serikali ilipoanza kulipa ruzuku ya mazao, kila mkulima akitakiwa kuweka kidole gumba kwenye kimashine cha ofisi ya kilimo ndipo akabidhiwe pesa, kimashine kilimkataa kaka, maana jembe lilikuwa limefuta alama zote za kidole chake. Tangu hapo kila msimu alikiloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu na kukipaka mafuta siku moja kabla ya malipo, shemeji akimtania kwamba hata siku ya harusi hakujipamba hivyo.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na tarehe 4 Februari akalazwa, mikono ikapumzika, ngozi ikarudi kama ya mtu wa ofisini. Tarehe 20 Machi nilitoka wodini kwenda kumnunulia maji, nyuma yangu akaja mgeni mwenye mkoba mweusi, ambaye muuguzi aliniambia baadaye kwamba alimshika mgonjwa mkono kwa upendo mwingi mno, akikisugua kidole gumba, na kaka hajitambui, nami niliporudi nikakuta kidole kinang'aa mafuta. Jioni ile ile kwenye simu ya shemeji ukaingia ujumbe wa kumpongeza mumewe kwa kupokea ruzuku yake, pesa ile ile tuliyokuwa tunaisubiri tumnunulie sindano alizoandikiwa na daktari. Shemeji alipokwenda ofisini, afisa kilimo alimpa kiti, akamwambia kwa heshima zote kwamba kimashine hakidanganyi. Simtaji mtu, nasema tu kwamba kaka yangu hakuwahi kuwa na rafiki wa kumsugua vidole.

Tuliuza mbuzi, sindano zikapatikana, lakini zilichelewa, na kaka alifariki tarehe 11 Aprili alfajiri. Imeniuma, na bado inaniuma.

Tunamshukuru daktari, wauguzi, hasa yule mwenye macho, majirani waliolala nasi, wenzake wa chama cha wakulima, na afisa kilimo, ambaye amefika na shada kubwa kuliko yetu sote, pamoja na mkoba wake.

Sasa tutapita kutoa heshima za mwisho, mtamwangalia usoni, na kwa kuwa tumesikia kimashine bado hakijaambiwa kwamba amekufa, na malipo ya msimu wa pili ni mwezi ujao, mikono yake tumeivisha glavu, na mwanawe atasimama upande wa kulia wa jeneza mpaka msumari wa mwisho upigwe.

Pumzika kwa amani, kaka, mkono wako hakuna atakayeushika.