Barua Iliyoachwa Wazi Maktabani

Kwenye basi letu la hapa mjini Kuopio hakuna anayemsemesha mtu asiyemjua. Kwa hiyo mzee mwenye kofia ya sufu alipomwinamia mama wa kiti cha mbele, niliacha kusoma gazeti.

“Samahani, mama. Ni wewe unayetumia kompyuta ya maktaba kabla yangu kila Jumatano?”

“Ndiyo.”

“Juzi uliondoka bila kufunga barua pepe yako. Ile ya kwenda kwa dada yako.”

“Kumbe ni wewe. Umesoma barua yangu.”

“Kusoma? Sheria ya kutosoma ya wengine imebandikwa ukutani. Nimesahihisha tu. Maneno manane uliyatenganisha, na yanaandikwa pamoja.” Alisema hivyo kama daktari anayetoa majibu ya vipimo.

“Halafu ukaituma.”

“Ilikuwa safi. Ningeiachaje?”

“Bwana wee, miaka tisa sijaongea na dada yangu Irmeli. Nilikuwa natoa hasira zangu, nikimaliza nifute.”

“Hasira nimezipunguza. Sentensi zilikuwa ndefu mno.”

Abiria wote tulitazama dirishani, maana hapa ndivyo tunavyosikiliza.

“Kosa la kwanza ni lako,” mzee akaendelea. “Ukimaliza, unafunga.”

“Na barua za watu, unafungua?”

Mzee akauliza, “Amejibu?”

Basi likasimama, mama akainuka.

“Amejibu. Anasema mimi tangu shule sijui kuunganisha maneno, kwa hiyo aliyeniandikia aje Jumapili wanywe kahawa.”

“Na wewe?”

“Mimi hajanialika,” akasema, akashuka.