Mwalimu Persis Kemunto, Aliyewauliza Waliotisha Kuchoma

Wapendwa waombolezaji, sisi wadogo zake tunawaletea safari ya dada yetu, mtu ambaye kutulia hakukujua, na leo angekuwa hai angekuwa amesimama tayari kuhesabu kama wageni wote wamepata viti.

Mwalimu Persis Kemunto Omosa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Nyamache, kifungua mimba wa Mzee Ogoti na Mama Damaris, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1986, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 1991 akaanza kufundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wavulana upande wa Borabu. Tarehe 19 Desemba 1993 alifunga ndoa na Bwana Gibson Omosa wa Nyansiongo, wakajaliwa Sheila, Makori na Lavender, ambao walizoea kuona chai ya mama yao ikipoa mezani kwa sababu simu ya shule imelia.

Mwaka 2008 alikabidhiwa ushauri nasaha, na kila mwanafunzi aliyetamka kwamba atachoma bweni aliletwa kwake, akamkalisha, akamuuliza ana hasira na nani, amepanga nini, na nyumbani kukoje, maana alishikilia kwamba anayetisha na aliye hatari si lazima wawe mtu mmoja. Kwa njia hiyo wengi walibaki darasani, na mipango ya kweli ikazimwa kabla petroli haijaingia getini.

Mara moja tu hakuuliza. Julai 2018, wakati wa mitihani ya majaribio, bweni la shule jirani lilikuwa limeungua, walimu hawakai hawalali, na Okemwa wa kidato cha tatu akasikika akisema bweni lao halifai ila kuchomwa, kisha akaonekana akilitoa sanduku lake nje. Kila mwalimu wa bweni anajua kwamba wanaopanga moto huokoa masanduku yao kwanza, basi Mwalimu akashauri kijana afukuzwe siku hiyo hiyo. Mvua iliyofuata ilionyesha paa likivuja juu ya kitanda cha Okemwa, pale pale lilipokuwa sanduku.

Jambo hilo lilimuuma sana. Alikwenda kwao kumwomba radhi na kumrudisha shuleni, akakuta ameondoka, wengine wakisema yuko Kericho anachuma chai, wengine Nakuru, na tangu hapo hakupita soko lolote bila kuulizia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akatibiwa mjini Kisii, akaaga dunia tarehe 6 Mei 2025, Sheila akiwa kando yake, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mkimwona Okemwa, mwambieni ningemuuliza."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na ndizi, walimu wenzake, na kanisa.

Dada, Okemwa tutamtafuta sisi, wewe sasa pumzika kwa amani.