Fimbo Iliyokunjika Vizuri

Basi lilipotoka Kibiti, Mwalimu Zefania, mstaafu anayekwenda Mafia kumwona mjukuu, alianza kumsifia jirani yake wa kiti fimbo yake mpya aliyonunuliwa na bintiye. Nesi Devotha, kiti cha nyuma, alitega sikio.

"Unaikunja mara nne, unaitia kwenye begi, huna habari nayo. Hiyo yako ya mkoko imenigonga ugoko tangu stendi, mzee mwenzangu."

"Niwie radhi, mwalimu," alijibu jirani, mzee wa barakashia. "Lakini tope la bandarini Nyamisati huwa nalipima kwa hii kabla ya kutia mguu. Hiyo yako ina viungo vingi. Mimi haya magoti mawili tu yananishinda!"

Devotha, ambaye kutwa anahangaika na magoti ya wazee, aliona wote wana haki.

"Vinakaza, bwana!" alisema mwalimu. "Tukifika utaona."

Wakafika Nyamisati. Mwalimu akainuka nusu, akakumbuka, akarudi kukaa. Begi lenye fimbo lilikuwa juu ya paa, chini ya magunia ya watu.

"Shika huku," mzee alisema, akimnyooshea ncha ya mkoko.

Wakateremka na fimbo moja, mwalimu akiendelea kueleza jinsi ile ya kwake ilivyo nyepesi.