Kiti cha Tano cha Essermont

Essermont ina wakazi mia moja na tisa, ng'ombe mia tatu, na benchi moja linalojua kila kitu. Benchi hilo liko mbele ya kituo cha maziwa kilichofungwa zamani, na kila Jumapili baada ya misa wanaume watatu huketi hapo na chupa ya kahawa iliyotiwa pombe ya plamu kidogo, kidogo kwa kipimo chao wenyewe. Jumapili hiyo walikuwa wakingoja matokeo ya uchaguzi. Halmashauri ya kijiji inataka watu watano, na waliojitokeza walikuwa wanne. Kwa kiti cha tano, kila mpiga kura aliruhusiwa kuandika jina la yeyote amtakaye. Kiti kikikosa mtu, kijiji kingemezwa na Corvallens, wale wa ng'ambo ya mto. Gratien, waliyemwita Meya kwa kuwa babu yake aliwahi kuwa meya, alikitaka kiti hicho mpaka usingizi ukampaa. Lakini Essermont mtu hajitangazi. Unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, halafu unakubali huku umenuna. Basi Gratien alikuwa amekataa mapema, akawa anangoja kubembelezwa.

— Mimi wasinitaje kabisa, alisema akimimina kahawa. Nina ng'ombe arobaini.

— Nani akutaje, Meya? Barometa alimcheka. Huyu jina lake halisi ni Ulysse, ila wanamwita Barometa kwa kuwa hutabiri mvua siku za jua. Akaendelea: Kazi yenyewe ya wapumbavu. Jumanne nzima mnabishania mtaro wa maji machafu!

— Hata mimi, hata wanipe bure sitaki, alisema mzee Fridolin. Yeye wanamwita Mahakama tangu alipomshtaki jirani kwa ajili ya jogoo.

Gratien alitabasamu ndani ya kikombe. Kura mbili hizo zilikuwa zake, hakuwa na shaka. Watu aliokunywa nao miaka thelathini wangemwandika nani mwingine?

— Ila tukimezwa na Corvallens, mimi nahama, alisema Mahakama. Wezi wale! Babu zao walihamisha jiwe letu la mpaka.

— Walilibeba kwenye toroli la jibini, mchana kweupe, alisema Gratien.

— Toroli wapi? Mahakama alimkatiza. Walilibeba mgongoni. Ndiyo maana wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe. Corvallens hawakuwa na wana, wakaeleka jiwe letu!

— Na mto je? Kijiji hiki kilikuwepo kabla ya mto, alisema Barometa. Mto ulipofika, uliomba njia.

— Acha kamba, wewe!

— Imeandikwa, bwana. Karatasi ndiyo iliungua.

— Hayo madogo, Gratien aliingilia. Jenerali mmoja alipita hapa na askari elfu kumi, akaomba jibini. Babu wa babu yangu akamnyima. Unadhani vita alishindwa kwa nini?

Mlango wa ofisi ya kijiji ulifunguliwa ng'ambo ya barabara. Karani alibandika karatasi ubaoni, akafunga mlango, akaenda kula. Hakuna aliyeinuka. Kukimbilia ubao ni aibu.

Akatokea Fernanda, Mreno anayekamua ng'ombe wa nusu ya kijiji, mabuti yakiwa bado na kinyesi. Amekaa pale miaka ishirini na miwili, na benchi bado linamwita yule mgeni. Alisoma kwa sauti.

— Kiti cha tano... Fernanda Quitério, kura thelathini na nne. Mama yangu! Si ndiyo mimi?

— Haiwezekani! Gratien alifoka. Mgeni siku mbili!

— Ya tatu mpe jembe, mzee. Nimelishika miaka ishirini na miwili.

— Sheria inamruhusu, Mahakama alinong'ona kwa uchungu. Niliisoma mwenyewe.

— Kumbe na nyie mmo, wazee! Gratien, kura moja. Ulysse, moja. Fridolin, moja.

Hasira ilimpanda Gratien. Kura yake hiyo moja aliijua vizuri. Aliiandika mezani jikoni, kwa herufi kubwa, ili mwandiko usitambulike. Kwa hiyo wanafiki hawa wawili hawakumwandika! Aligeuka awatukane. Masikio ya Mahakama yalikuwa mekundu kama nyanya. Barometa alikuwa akikagua kamba za viatu vyake, na viatu vyake havina kamba.

Gratien alihesabu: kura tatu, wazee watatu. Matusi akayameza.

— Hongereni basi, alisema Fernanda, na alikuwa anamaanisha. Nani aliwaandika, tumshukuru?

Mahakama aliinamisha chupa juu ya kikombe. Halikutoka hata tone.

— Mvua inakuja, alisema Barometa.

Jua lilikuwa likichoma utosi. Wenzake wawili walitazama juu, wakakubali kwamba kweli inakuja, na kila mmoja akashika njia yake.