Egide Bigirindavyi, Aliyemzika Karnivali Kila Mwaka Tumba

Egide alizaliwa tarehe 8 Septemba 1962 huko Kiremba, mkoani Ngozi, Burundi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ntirampeba na mama Dorothée. Mimi, Dancille, ndiye niliyemfuata, na kaptula zake zilinifuata pia.

Alisoma shule ya msingi Kiremba, kisha useremala Gitega. Mwaka 1986 wamisionari walimsaidia kwenda Italia, akapata kazi Viareggio, mji ambao kabla ya Kwaresima hupitisha barabarani vinyago virefu kuliko nyumba, vya karatasi na gundi. Egide aliunda mifupa ya mbao ya vinyago hivyo. Huko Italia alijifunza pia kumzika Karnivali, mwanasesere wa majani anayebeba ulafi na mizaha ya msimu mzima. Jumanne ya mwisho husomwa wosia wake wa kuchekesha, mtu aliyejifanya mjane huangua kilio, kisha mwanasesere huchomwa. Kesho yake watu wanapakwa majivu kanisani.

Baadaye alihamia Sweden, na tarehe 14 Juni 1997 alifunga ndoa na Colombe hapa Stockholm, wakahamia Tumba, kusini mwa jiji. Alifanya kazi katika karakana ya samani Jordbro hadi alipostaafu.

Februari 2004 alimzika Karnivali uani kwao kwa mara ya kwanza, Colombe akiigiza mjane. Kaka yangu alisahau kuwaeleza watu. Jirani yao Magdalene alisikia kilio, akadhani Egide amefariki, akapiga simu huku na huku. Kabla moto haujazimika, watu walishafika hadi kutoka Märsta, upande wa pili wa Stockholm, na sufuria za maharage, magodoro ya matanga na mchungaji. Walimkuta waliyemlilia akigawa maandazi membamba ya Kiitaliano. Magdalene alimnunia hadi Pasaka. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kufika, na alilia kumshinda mjane.

Agosti 2025 madaktari waligundua kansa ya kongosho. Msimu wa Karnivali ulipokaribia, Colombe alikataa kabisa. Alisema hawezi kulia kwa mchezo mbele ya mtu anayeumwa kweli, na nani angemlaumu? Egide alimwomba mara moja tu. Baada ya siku kadhaa Colombe mwenyewe akatoa kabatini kitambaa cheusi cha mjane.

Jumanne tarehe 17 Februari tulimtoa Egide uani kwa kiti cha magurudumu, theluji ikianguka. Alisoma wosia kwa sauti ndogo, akawarithisha mabinti wa kwaya kitambi cha Karnivali. Tulicheka. Colombe akaanza kulia, tukaendelea kucheka, mpaka tukaona hawezi kuacha. Mwanawe Arnaud akamshika, akimwambia ajikaze.

“Mwache,” Egide akasema. “Mama Arnaud, njoo ulilie hapa, wakati mkono wangu bado unafika kukufuta machozi.”

Akamfuta. Hakuna aliyekumbuka kumchoma mwanasesere.

Egide alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 9 Machi 2026, alfajiri, akiwa na miaka 63. Ameacha mke, Colombe, watoto wawili, Arnaud na Elise, mjukuu, Isak, nami dada yake. Naumia sana.

Colombe ana ombi moja kwenu: leo asiambiwe ajikaze. Mkono uliokuwa unamfuta haupo tena, kwa hiyo anayekaa karibu naye awe na leso.

Kaka yangu, pumzika kwa amani.